Kosa la Kumaliza Deni

Jumatatu, 3 Juni 1996
Siku mbaya. Saa ya uji Mama Yustina, mwalimu wetu mkuu, katusomea barua ya Mfuko, wale waliotukopesha ada ya chuo cha ualimu wa chekechea. Yeyote aliyelea watoto miaka miwili kamili, deni atakalokuwa nalo mwisho wa mwezi huu linafutwa. Lote. Mauwa, mwalimu mwenzangu wa darasa la pili hapa kituo cha chekechea, kapiga kigelegele mpaka watoto wakamwaga uji. Tangu tumalize chuo kalipa awamu moja tu. Mie nilimaliza deni langu Machi. Krismasi tulikula maharage ili nimalize. Mauwa kanunua redio ya Dubai. Nikauliza waliokwisha kulipa wanapata nini. Mama Yustina kasema wanapata heshima.
Si wivu. Nataka tu hesabu ikae sawa.

Jumanne, 4 Juni
Nimeomba ruhusa, nikasema jino. Nikaenda ofisi ya Mfuko, Kinondoni. Karani ni Mzee Khalfani, mtu wa leja na miwani. Nikampa shikamoo, nikamwomba malipo yangu mawili ya mwisho yaonekane hayakufika. Kafungua ukurasa wangu. Yamefika. Nikasema huenda sahihi ile si yangu. Kanitazama sana. Kasema miaka yote aliyokaa pale watu wanakuja kukana madeni. Wa kukana malipo ndiyo kwanza anamwona. Kaniagizia kahawa. Nadhani kaniona naumwa.

Jumatano, 5 Juni
Akili imenijia nikimfuta mtoto kamasi. Barua inasema deni atakalokuwa nalo mtu mwisho wa mwezi. Haisemi deni la zamani. Basi nikikopa sasa ada ya kozi ya hatua ya pili, tarehe thelathini linafutwa, na kozi nasoma bure. Hakuna mwingine aliyeliona hili.
Tatizo ni fomu. Inataka mdhamini, tena mwalimu mwenzangu wa kituo. Mama Yustina hadhamini mtu, alishasemaga. Kabaki Mauwa. Nikampelekea, nikijiandaa kumwona akiona gere. Kasaini bila kusoma. Kanipongeza kwamba najiendeleza, kasema hata yeye angependa ila ana mtoto mdogo. Imenikera siku nzima.

Ijumaa, 7 Juni
Mkopo umepita. Nina deni. Nimerudi nyumbani Chang'ombe napiga mluzi. Mke wangu, Monica, kauliza kuna heri gani. Nikamwambia tunadaiwa tena. Kaweka mwiko chini. Nikamweleza mpango wote, mara mbili.
"Kwa hiyo Kornelio, ungekaa kimya tungekuwa hatudaiwi."
"Ndiyo, lakini tusingesamehewa."
Kachukua sahani yake, kaenda kulia chakula jikoni.

Jumatatu, 10 Juni
Mauwa kaleta keki. Deni halijafutwa bado, keki imeshaliwa. Kila mzazi anampa mkono. Fundi mmoja wa gereji kampa kuku mzima. Mie sijapewa hata yai.
Nikakumbuka mwaka jana alikuwa likizo ya uzazi, siku themanini na nne. Hiyo ni miaka miwili kamili? Kulea wa kwake si kulea wa kituo. Nimepiga simu Mfuko kutoka duka la dawa, nikaeleza jambo hilo bila kujitaja. Mzee Khalfani kasema sawa, Mwalimu Kornelio, mkaguzi atakuja.

Jumatano, 12 Juni
Mkaguzi kaja. Bi Naima, mama mpole mwenye kalamu nyekundu. Mauwa kambeba mgongoni mtoto mwenye homa, huku anaimbisha wengine. Sauti ilikuwa inamkatika. Nikamsikia akimwambia Mama Yustina kwamba redio keshaiuza kwa ajili ya dawa za mama yake, na wasipomsamehe hana pengine pa kushika. Hilo sikulijua.
Bi Naima kataka daftari la zamu. Nikampa kwa fahari, maana naliandika mie na mwandiko wangu unasifiwa. Kasema likizo ya uzazi ni haki, inahesabika kazini. Mauwa kapita.
Ila hakufunga daftari. Kaendelea kufunua.
"Hapa pameandikwa 'Mauwa kashika madarasa yote mawili' mara sitini na moja. Mwalimu wa pili alikuwa wapi?"
Nilikuwa Temeke sokoni. Siku za mzigo mpya nauzaga viatu vya mtumba. Nikasema jino. Kaniuliza ninayo mangapi.
Siku hizo zimekatwa. Miaka yangu miwili haitimii mpaka Septemba. Sisamehewi.

Alhamisi, 13 Juni
Mauwa kajua nani aliyepiga simu. Kanifuata nikipanga vikombe.
"Mwalimu Kornelio, nimekukosea nini?"
"Hujanikosea. Umesamehewa."
Kavipanga vikombe vilivyobaki. Kisha kasema ameulizia, anaweza kujitoa udhamini, ila chuo watanirudisha nyumbani.
"Basi nenda kasome. Siku za kozi nitalishika darasa lako. Ila daftari la zamu kuanzia leo naandika mie."
Niliona aibu. Ya kweli kabisa, ilinikaa kifuani mpaka saa sita. Saa sita mzazi mwingine kamletea papai.

Jumamosi, 15 Juni
Monica kaniandikia kwenye karatasi miezi ya kulipa. Ishirini na minne. Kaibandika mlangoni.
Jioni kaja jirani yetu Alfonsi, anayechonga vinyago. Ana furaha, kabeba bia mbili. Chama chao cha wachongaji kimefutiwa deni lote la magogo ya mpingo. Bia yake sikuisikia ladha. Nikamuuliza hayo magogo yanakopeshwa wapi. Kashangaa, kauliza tangu lini najua kuchonga.
Nimemwambia kuchonga nitajifunza baadaye. Deni kwanza.