Vidonge Vinavyotoka Vizima

Jumanne ile Eparama aliingia kliniki ya presha, pale Nausori, mji wa visiwani kando ya mto Rewa, kwa sababu moja tu ya kiafya: jua lilikuwa kali na kliniki ilikuwa na feni. Wiki mbili nyuma alikuwa ameuza jenereta moja kwa makanisa mawili, na tangu hapo aliona ni busara kupumzika mahali ambapo wachungaji hawapiti. Akajibanza mwisho wa benchi, akanywa maji ya bure vikombe vitatu, akafumba macho kigonjwa-gonjwa.

Mbele yake mzee mmoja alimwinamia jirani yake amnong'oneze siri. Mzee huyo, jina lake Isoa, alikuwa mzito wa masikio, na mnong'ono wa mtu mzito wa masikio husikika hadi kituo cha basi.

"Nikwambie kitu cha aibu?" alisema Isoa. "Hiki kidonge cha presha na kifua wanachotupa. Nakimeza asubuhi. Kesho yake nakikuta chooni, kizima vile vile!"

Jirani akashika mdomo. "Wewe pia? Mimi nilidhani tumbo langu limekufa!"

"Hata mimi," akadakia bibi mmoja wa benchi la nyuma. "Changu kimetoka hadi na rangi yake!"

Kwa dakika moja benchi zima likawa ukoo mmoja. Sista Alumita, muuguzi wa zamu, akaweka kalamu chini ili awaeleze, lakini Eparama alikuwa ameshafika mlangoni. Watu wa kazi yake hawasubiri maelezo. Maelezo huharibu biashara.

Wiki iliyofuata alizaliwa Daktari Eparama. Alizaliwa na shati jeupe, tai, sulu ya kijivu, ile sketi rasmi ya wanaume, iliyopigwa pasi ikashika mstari, kitambulisho chenye mhuri wa idara ambayo haipo, na mashine ya presha aliyoipata kwa njia isiyotuhusu. Akaanza kupanda boti za mto Rewa, kijiji hadi kijiji, akichagua saa ambazo vijana wako mashambani na wazee wamebaki barazani.

Mahubiri yake yalikuwa mafupi. Kwanza alipima presha, bure, huku akitikisa kichwa kwa majonzi hata namba zikiwa nzuri. Kisha aliteremsha sauti. "Mzee wangu, nisamehe kwa swali hili. Umewahi kukiona kidonge hiki kikitoka upande wa pili?"

Hapo baraza lote hutazamana. Mtu mmoja hukohoa. Halafu mikono huanza kunyooshwa.

"Ni mawe," alisema Daktari Eparama kwa uchungu mkubwa. "Shehena mbovu ya ng'ambo. Nimetumwa niikusanye kimya kimya, watu wasije wakafanya fujo."

Vidonge vyote, vikiwa bado ndani ya vifuko vyao vyenye majina ya wagonjwa, viliingia kwenye kopo kubwa la biskuti. Kule Suva alikuwa na mwenye duka mmoja asiyependa maswali, ambaye angevichukua vyote. Badala yake Eparama aliacha chupa ya dawa ya maji aliyoipika mwenyewe kwa sukari, magome ya mti wowote uliokuwa karibu, na juisi nyingi ya balungi, maana mabalungi yalikuwa yanaoza tu kando ya mto. Dawa ilikuwa bure. Aliyeguswa moyoni angeweza kumshukuru daktari kwa kuku, mkeka au mzigo wa magimbi, na watu wakiambiwa kitu ni bure huguswa sana.

Tena hakuwa na kijiji alichofika kama mgeni. Yeye alikulia Lautoka mjini, kwenye vyumba vya kupanga, na mambo ya watu wa mto alikuwa akiyasikia tu redioni. Lakini ukitaja popote penye sifa, yeye alikuwa mtoto wa pale.

Ndivyo alivyofika Naivilau, nyumbani kwa yule yule mzee Isoa, ambaye wala hakumkumbuka. Mkewe alikuwa mtoni akitafuta kaa. Isoa alimkaribisha mkekani, akamtekea kava, kinywaji cha mizizi cha kumpokelea mgeni.

"Kava hii ni ya Nakoroseru, kule milimani," alisema. "Nyingine zote ni maji ya kuoshea miguu."

Eparama hakupoteza hata nukta moja. "Nakoroseru? Mzee, umenigusa! Ndipo kitovu changu kilipozikwa."

Isoa akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akampiga kofi la mgongo lililomwaga kava, akamwita mla panya, akamwita mwana wa wezi wa vyungu, akacheka upya. Eparama akafurahi sana, kwani kwa uzoefu wake mtu anayekutukana akicheka ameshakuamini. Akaondoka na vidonge vya miezi miwili, pamoja na ahadi ya mkeka mpana ambao mke wa Isoa angeumaliza Jumamosi.

Jumamosi mchana akaufuata. Kopo la biskuti lilikuwa kwapani, limejaa hadi kifuniko kinagoma, na boti ya kumrudisha ilikuwa inamsubiri gatini. Barazani alikuta wanawake saba wamekaa na mmoja pembeni amejifunika shali. Isoa alikuwa amelazwa juu ya mto wa usufi, uso wake rangi ya majivu. Eparama aliuona uso huo, akaamua kutoutazama tena.

Mwanamke mfupi, mpana, mwenye ua sikioni akainuka. "Karibu, daktari. Mimi ndiye Torika, mke wa mzee. Nasikia wewe ni mtu wa Nakoroseru?"

"Wa Nakoroseru hasa, bibi."

"Kwa baba au kwa mama?"

"Pande zote mbili," alisema Eparama, ambaye hakuwa mtu wa kudanganya nusu nusu.

"Pande zote mbili! Jamani, mmesikia kwa masikio yenu?"

Wanawake wakainuka wote kwa pamoja. Wa kwanza alishika tai. "Hii itamfaa nguruwe wangu, Jumapili hana cha kuvaa." Wa pili na wa tatu wakachukua kiatu kimoja kimoja. Kitambulisho kikavishwa mbwa, naye mbwa akatembea nacho kwa heshima zote za idara. Shati likavuliwa na mikono minne kabla mwenyewe hajakumbuka kupiga kelele.

"Bibi! Bibi zangu! Mnafanya nini?"

"Tunafanya nini!" Torika alishika kiuno. "Kwenu hawakukufundisha? Naivilau na Nakoroseru ni watani tangu kwa mababu! Mwaka juzi watu wenu walikuja msibani hapa wakabeba nguruwe watatu na mlango wa jiko, nasi tukacheka. Hebu cheka, mtani!"

Eparama akacheka. Kilikuwa kicheko cha mtu anayeng'olewa jino, lakini kilihesabika. Wanawake wakashangilia, wakamwita kichwa-boga, wakachukua mashine ya presha. Kisha Torika akaweka mkono juu ya kopo la biskuti.

"Hilo hapana," alisema Eparama, na kicheko kikakatika. "Hilo ni la serikali."

Torika akamsogelea, akaongea polepole kama anayemsaidia mtoto hesabu.

"Mtani hanyimi mtani, mjukuu wangu. Ukininyima, wewe si mtani. Na kama si mtani, basi si wa Nakoroseru, na ulimdanganya mume wangu kuhusu kwenu. Hapo sasa tutaanza kujiuliza ulimdanganya na nini kingine. Yule unayemwona anapasua kuni ni mwanangu Taniela. Ni koplo wa polisi, yuko likizo."

Koplo Taniela akainua shoka, akamsalimia kwa tabasamu zuri.

Eparama alikuwa mwepesi wa kupima mambo. Mtani angepoteza kopo. Asiye mtani angepoteza kopo na miaka miwili ya jela juu yake. Akaliachia.

Mara Torika alipolishika, utani ulimtoka usoni. Alipiga magoti, akamwaga vifuko vyote mkekani, na yule aliyejifunika shali akaivua, akavaa miwani. Ndipo Eparama akamtambua Sista Alumita wa kliniki. Sista alisoma jina moja baada ya jingine, akiangalia nguvu ya dawa na tarehe, akitenga kila kijiji na chake.

"Isoa, Naivilau. Hivi hapa, na havijaguswa."

Torika akavipokea, akavihesabu kimoja kimoja.

"Unajua umefanya nini?" alimwuliza Eparama. "Kimoja mzee alikificha kwenye kitabu cha nyimbo, mjanja huyu. Akakimeza na hiyo dawa yako ya maji. Alipoinuka mkekani akaanguka kama gunia. Siku mbili baadaye hana hata kimoja, anapanda ngazi za mto, kifua kikambana, akakaa pale pale kwenye tope hawezi kusema. Nilimshika kichwa nikawa nasali, nikajua naondoka mjane pale mtoni." Akamwekea mzee mto vizuri. "Hospitali wakamrudisha. Lakini stoo ya kliniki imekwisha dawa hadi gari lije wiki ijayo. Walitugawia vitatu, na cha leo kilikuwa cha mwisho."

"Si mngeita polisi tu," alisema Eparama kwa sauti ndogo. Alikuwa na haki ya kushangaa, maana alikuwa amevuliwa shati bure.

"Mimi ndiye polisi," alijibu Taniela kutoka kwenye kuni. "Nikilikamata kopo ni ushahidi. Ushahidi unafungiwa kabatini mpaka kesi iishe, miezi minane, mwaka."

"Na mume wangu hana miezi minane ya kumgawia hakimu," alisema Torika.

"Lakini jamani vinatoka vizima!" Eparama alilipuka, na safari hii alikuwa anasema ukweli mtupu, jambo ambalo hata koo lake halikulizoea. "Yeye mwenyewe alisema! Dawa gani inapita tu kama abiria?"

"Ungekaa benchini dakika moja zaidi ungesikia," alisema Sista Alumita bila kuinua macho. "Kile ni ganda. Dawa inavuja kidogo kidogo humo ndani mchana kutwa na usiku kucha, halafu ganda tupu linatoka. Kazi imeshafanyika. Ndiyo maana hakitafunwi wala hakivunjwi, kikivunjika dawa ya siku nzima inamwagika kwa mara moja. Na balungi linafanya vivyo hivyo, linaipandisha dawa mwilini kupita kiasi. Wewe ulitaka kumwua mzee wa watu mara mbili, mara kwa kumzidishia na mara kwa kumnyima."

Isoa, ambaye hakuwa amesikia hata nusu, aliinua kichwa. "Huyo mla panya bado yupo? Mpeni muhogo!"

Eparama alikuwa amebaki na ujanja mmoja, naye hakuwa mtu wa kuacha chakula sahanini. Akajikaza. "Sawa. Haki ya utani ni ya pande zote. Na mimi nachukua kopo langu."

"Chukua, mtani." Torika akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa. Lilikuwa jepesi ajabu, na wanawake wakaangushana kwa kicheko.

"Ngoja, asiondoke," alisema Sista. "Tuone kama mashine yake inafanya kazi."

Akamfunga kitambaa mkononi. Mashine ikanguruma, ikatulia, ikaonyesha mia moja tisini na nne kwa mia moja kumi na nane.

"Ni mbovu," alisema Eparama haraka.

Sista akampima Torika: mia moja ishirini na sita kwa sabini na nane. Akamwacha Eparama akae kimya dakika tano, ameegemea nguzo, kisha akampima tena. Mia moja tisini na mbili kwa mia moja kumi na nane. Hakuna aliyecheka.

"Kichwa kinakuuma asubuhi?"

"Kidogo."

"Na ukipanda mlima, hapa kifuani?"

Eparama akajishika pale pale. Kwa miezi mitatu alikuwa akihisi kitu kizito kikimkalia kifuani kila akikimbia. Alidhani ni dhamira, na alikuwa anajisifu kwa jinsi alivyoweza kuipuuza. Sasa alimtazama Isoa usoni, akaogopa kweli kweli.

Sista akaandika karatasi. "Boti hiyo hiyo ikupeleke hospitali leo, uonane na daktari, daktari wa kweli. Pengine atakupa dawa hii hii. Utaimeza nzima. Kichwa kikikugonga au miguu ikivimba, unakuja kusema, huachi mwenyewe. Ukiinuka, inuka taratibu, na usikimbie. Kifua kikikubana, kaa chini uite watu. Na ukiliona ganda chooni, tafadhali usianzishe idara."

"Leo hospitali," akaongeza Taniela. "Jumatano kituoni kwangu, likizo itakuwa imeisha. Usipokuja nitakufuata, na mimi si mtu wa utani."

Torika alikuwa ameshamwekea Isoa maji, vidonge vya kesho viko chini ya mto wake, ameviegemea. Alimtazama yule kijana kifua wazi barazani kwake, na hasira yake ikachanganyika na huruma asiyoitaka. Akaingia ndani, akatoka na gauni lake la maua mekundu, akamvika.

"Bibi," alisema Eparama kutoka ndani ya maua, "mimi si mtu wa Nakoroseru."

"Najua," alisema Torika. "Mtu wa Nakoroseru angekuwa ameshabeba sufuria yangu kabla hajanisalimia."

Akateremka kuelekea gatini pekupeku, karatasi ya Sista mkononi, watoto wakimfuata na mbwa mwenye kitambulisho akimtangulia. Katika maisha yake yote ya kazi Eparama hakuwahi kuondoka kijijini kwa mwendo wa kawaida. Siku hiyo alikwenda polepole sana, hatua moja moja, kwa sababu Sista alikuwa amemkataza kukimbia.