Mpaka Damu Ikubali

Kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, hakuna kichwa nchini kitakachohesabika kuwa kimeumia mpaka damu ya mwenye kichwa ikubali. Ndivyo ulivyosema waraka wa Mamlaka ya Uthibitisho wa Vichwa, na kwa kuwa ulikuwa na mihuri mitatu haukuwa na haja ya kusema zaidi. Hata hivyo uliendelea kusema kwa kurasa arobaini na moja.

Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka alikuja mwenyewe hospitalini kuuzindua. Kwa miaka mingi, alieleza, taifa lilikuwa limeachia jambo nyeti kama kichwa mikononi mwa madaktari, watu wanaommulika mgonjwa machoni kwa tochi na kumuuliza leo ni siku gani. Huo ulikuwa ubashiri. Sasa sayansi imeingia. Mtu akigonga kichwa, ubongo unavimba, ubongo ukivimba, damu inabeba viashiria vya uvimbe, mashine inavihesabu. Namba ikizidi kumi, kichwa kimeumia. Isipozidi, mwananchi arudi akachape kazi.

Mpimaji wa maabara, mama mmoja aliyekuwa ameishi na damu za watu kwa miaka kumi na tisa, alinyoosha mkono. Alisema kwa adabu kwamba viashiria hivyo hupanda mtu akivimba popote, hata akiwa na jipu mahali asipoweza kupataja mbele ya wageni, na kwamba baada ya pigo huchukua saa kadhaa kabla ya kupanda. Mkurugenzi alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, damu si inazunguka mwili mzima?"

"Inazunguka, Mheshimiwa."

"Kichwani inapita?"

"Inapita."

"Basi ikipita itaona."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Karani wa Mamlaka, kijana mnyoofu aliyeukariri waraka mpaka nukta zake, akaandika kwamba hoja imejibiwa kitaalamu.

Kazi ikaanza, na mafanikio yalionekana siku ileile. Muuza mkaa aliyekuja na jino bovu, shavu limetuna hadi jicho limefunga, alipata hamsini na mbili. Alipewa kadi ya njano ya kichwa kilichoumia daraja la pili: mapumziko ya wiki sita, marufuku kupanda ngazi, kuendesha chombo au kusaini hati yoyote. Hakubishana. Alisema tangu aolewe hajawahi kuambiwa apumzike, akaenda kulala. Habari zikasambaa, na kufikia mwisho wa wiki foleni ya majipu, vidonda na vifundo vilivyovimba ilikuwa imezunguka jengo mara mbili. Mamlaka ikatangaza kwamba kumbe taifa lilikuwa na vichwa vingi vilivyoumia kimyakimya.

Waliogonga vichwa kweli waliendelea vizuri zaidi. Waraka ulidai damu itolewe ndani ya saa moja baada ya pigo, maana kasi ya huduma ndiyo ilikuwa fahari ya Mkurugenzi. Ndani ya saa moja viashiria vinakuwa bado vimelala, kwa hiyo watu waliingia na nundu kubwa kwenye paji la uso na kutoka na cheti cha uzima. Kurudia kipimo hakukuruhusiwa. Kifungu cha saba kilikuwa wazi: pigo moja, tone moja. Daktari wa wadi, aliyewahi kuwa na tochi, alipangiwa jukumu jipya la kuwashikia wagonjwa pamba.

Mpimaji alifanya kazi yake na kunung'unika kwa kiasi kinachoruhusiwa. Kisha Jumatano moja, miezi mitatu baadaye, mdogo wake akaanguka.

Mdogo wake alikuwa fundi wa mapaa, na alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa la ghala akatua kwa kisogo. Wenzake walimbeba mbio, wakafika kwa dakika ishirini, na wema huo ndio uliomponza. Alimtazama dada yake kwa furaha.

"Dada, mbona hukuniambia una pacha?"

Kisha akatapika ndani ya ndoo. Mashine ikasoma tatu na kutoa karatasi: KICHWA KIZIMA, ARUDI KAZINI. Msimamizi wake aliisoma, akampongeza, akamwambia Jumatatu wamalizie upande wa juu. Asipotokea, nafasi yake itachukuliwa na mwingine, kwa kuwa mtu mwenye cheti cha uzima akikosa kazini huyo ni mtoro.

Mpimaji alimfuata karani. Alijua mtu anayeona misumari miwili penye mmoja atafanya nini juu ya ghala.

"Nipe ruhusa nirudie kipimo."

"Pigo moja, tone moja, mama," alisema karani kwa upole wa kweli. "Labda aanguke tena."

"Basi nikate rufaa."

"Rufaa hukatwa na mwenye kichwa kizima, kupinga cheti cha kichwa kilichoumia."

"Yaani aliyeumia hawezi kwa sababu ameumia, na mzima hana cha kupinga?"

"Ndiyo uzuri wake," alisema karani. "Mpaka leo hatujapokea rufaa hata moja."

Usiku ule na uliofuata mpimaji hakulala. Ijumaa akaenda na mdogo wake kazini ili asimwondoe machoni, akamkalisha kwenye benchi la korido na kumkataza kuinuka. Lakini Ijumaa hiyo maabara haikuwa na nafasi hata ya kupumua, kwani ilikuwa sherehe ya siku mia moja za waraka. Kulikuwa na maturubai, kipaza sauti, kamera tatu na skrini kubwa ukutani, ambapo wananchi wangeona kwa macho yao kichwa cha kiongozi kilivyo salama. Mkurugenzi angetoa damu mbele ya umma.

Alikuja amevaa viatu vipya vyenye ncha kali, na alikuwa anachechemea. Mpimaji aliutazama mguu wa kulia. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa umeingia nyamani, alihisi, na kwa jinsi kiatu kilivyotuna palikuwa na usaha wa kutosha. Shetani alimnong'oneza anyamaze. Akapigana naye kidogo, akamshinda, maana damu ni damu na kazi ni kazi.

"Mheshimiwa, hicho kidole kimevimba. Mashine itakisoma."

"Mama, wewe na majipu yako," alisema Mkurugenzi, akacheka kwa ajili ya kamera. "Damu yangu inajua kichwa changu kiko wapi."

Namba ilianza kupanda kwenye skrini. Ilipita kumi, ikapita thelathini, ikatulia kwenye tisini na nne. Taa nyekundu ikawaka na king'ora kikalia, kile alichokiagiza yeye mwenyewe ili kuipa huduma heshima. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya burudani. Karani peke yake hakupiga. Alisogea na kadi ya njano mkononi.

"Sijagonga kichwa popote," alisema Mkurugenzi.

"Hakumbuki kugonga," aliandika karani.

"Ni kidole! Kidole cha mguu!"

"Haelewi panapomuuma," aliandika karani, akamwomba kalamu yake kwa unyenyekevu, kwa sababu mwenye kadi haruhusiwi kusaini hati. Kalamu akampa Naibu Mkurugenzi, ambaye waraka ulimtaja kuwa Mkurugenzi Mkuu tangu dakika hiyo. Naibu alikuwa naibu kwa miaka kumi na minne na hajawahi kuachiwa kusaini hata barua ya salamu. Aliipokea kalamu kwa mikono miwili.

Mkurugenzi alimvuta mpimaji pembeni.

"Mama, hapa mtu anatokaje?"

"Daktari akumulike macho, akuulize maswali, aseme kichwa ni kizima."

"Basi animulike."

"Umemkataza, Mheshimiwa. Kifungu cha pili."

"Tukibadilishe."

"Kwa kila mtu," alisema mpimaji. "Daktari kwanza, damu baadaye. Na waliokwishapimwa waangaliwe upya, hata yule fundi wa mapaa kwenye benchi."

"Hata mafundi wa mapaa?"

"Hao kabla yako."

Mkurugenzi aliangalia king'ora, ambacho hakuna aliyejua namna ya kukizima, akatamka marekebisho palepale na karani akaandika. Naibu akasaini, kisha akauliza kama kuna karatasi nyingine. Siku hiyo angesaini hata turubai.

Foleni ilipangwa kwa tarehe ya pigo, na kati ya waliokuwapo ni fundi wa mapaa tu aliyekuwa na tarehe, kwa hiyo aliingia kwanza. Daktari alifuta vumbi kwenye tochi yake, akammulika jicho la kulia, kisha la kushoto, akarudi la kulia. Mboni moja ilikuwa imepanuka kuliko mwenzake. Alisema kijana huyu hapandi paa wala kiti, alazwe sasa hivi na apigwe picha ya kichwa, na kwamba wangengoja mpaka Jumatatu wangemwokota chini. Mpimaji aliegemea mlango akalia waziwazi, bila kujali kamera. Mdogo wake akawaomba dada zake wote wawili wasilie.

Ndipo zamu ya Mkurugenzi ikafika. Macho yalikuwa sawa. Aliulizwa siku, akasema Ijumaa. Aliulizwa mahali, akapataja bila kosa, na rangi ikaanza kumrudi.

"La mwisho," alisema daktari. "Wewe ni nani?"

"Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uthibitisho wa Vichwa."

Daktari aligeuka. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Uthibitisho wa Vichwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, anasaini ratiba za sherehe moja baada ya nyingine.

"Jaribu tena," alisema daktari, "taratibu, usijilazimishe."

"Nasema ndiye mimi! Mkurugenzi ni mimi!"

Daktari alimpigapiga begani, akavuta faili na kuandika: siku anaijua, mahali anapajua, yeye mwenyewe hajijui. Apumzike wiki kumi na mbili. Kisha akampelekea Mkurugenzi wa kiti cha mbele asaini, naye akasaini.