Mlango Mmoja na Mama Mkwe

Jumanne, 19 Agosti

Simu ya mama mkwe. Nimepokea mwenyewe. Kosa! Kimya upande wa pili, mpaka nikawasikia kuku wake wa Kwa Vonza wakilalamika. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeongea na ukuta: apewe Kavindu.

Sikuudhika. Ndiyo nthoni hiyo. Kwetu Ukambani mtu na mama ya mkewe hawashikani mkono, hawaketi pamoja ndani ya nyumba, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani kwa heshima. Tangu nimwoe Wavinya, huyu mama nimemjua mgongo kuliko uso. Mgongo mkali.

Kavindu ana miaka tisa. Alisikiliza kitambo kirefu akisema tu ee Susu, ee Susu, maana nyanya yao wanamwita Susu. Akakata, akaripoti. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Susu atakuja Jumapili kuona kama yeye na mdogo wake Kasyoka wako tayari. Kama hawako tayari, anawachukua wakasomee Kwa Vonza. Ameshaongea na mwalimu wa huko. Nikauliza kama alisema lingine. Kavindu akasema alisema mengi, ila baba asiambiwe.

Haya yote ni kwa sababu ya viatu vya muhula uliopita. Nilinunua jozi moja. Kasyoka yuko chekechea, anatoka saa sita. Basi anavaa asubuhi na gazeti ndani, anarudi, anavua, Kavindu anavaa anaenda masomo ya mchana. Mpango safi kabisa! Kumbe hesabu na kusoma hufundishwa asubuhi. Ningejuaje? Hakuna aliyeniambia.

Wavinya angekuwepo angenicheka. Presha ilimchukua mwaka juzi. Basi.

Jumatano, 20 Agosti

Ben, jirani, ni mtu wa maringo. Amefua yunifomu za binti zake mapema na kuzianika upande wangu wa ua. Anaweza kuanika upande ule mwingine. Kuna jua huko pia. Soksi nyeupe mpaka zinaumiza macho.

Akanikuta nikiziangalia. Akasema Kaloki, bro, lete wasichana, mama watoto awatengeneze pamoja na wetu, kwani ni kazi gani. Nikamwambia nina fundi wangu mjini Wote, tena fundi mkubwa. Akaniangalia. Akasema sawa bro. Hiyo "sawa bro" yake siipendi.

Fundi ni mimi. Nimekumbuka rinda la kwaya la Wavinya, liko ndani ya sanduku, samawati. Yunifomu ya shule ni samawati. Ukiziweka pamoja jioni, jua likishazama, mtu hawezi kutofautisha. Kitambaa kizuri, kimekaa bure.

Nimekata kwa kisu cha jikoni kwa sababu makasi yalikuwa yamekopwa na watu nisiowakumbuka. Mkono mmoja umetoka mrefu kuliko mwenzake. Kasyoka akavaa, akanusa bega, akasema hii ni ya mama. Nikasema ni ya shule. Akanusa tena. Akasema hapana, ni ya mama.

Kavindu aliokota vipande vilivyobaki chini, akavikunja, sijui akavipeleka wapi. Kisha akachukua jerikani akaenda kuchota maji mtoni, kule mchangani, ingawa nyumbani maji yalikuwepo.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo nywele. Shule inataka vichwa vifupi. Kinyozi wa sokoni ana mashine ya kuchaji. Nikamwambia aniazime saa moja tu, nitamletea wateja kumi kutoka kanisani. Akakubali haraka. Ningepaswa kujiuliza kwa nini.

Mashine ikazima katikati ya kichwa cha Kasyoka. Upande wa kulia askari, upande wa kushoto kichaka. Kavindu akanyoosha kidole. Chini ya nywele kulikuwa na mashilingi, madoa ya duara, mengine makubwa. Nikauliza yametoka lini. Kavindu akasema tangu Juni, alikuwa ananiambia. Nikasema hakunena kwa sauti. Akasema alinena.

Nimeweka ndimu na chumvi. Mtoto amelia mpaka mbuzi wa Ben wakaitikia. Mke wa Ben akaita kutoka uani: ni nini, Baba Kavindu? Nikajibu tunafanya mazoezi ya kwaya.

Nimemvalisha Kasyoka marvin yangu, kofia ya sufu. Inafunika mpaka nyusi. Amekatazwa kuivua mbele ya watu, hasa watu wa Kwa Vonza.

Ijumaa, 22 Agosti

Hali si nzuri. Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Rinda limepinda. Kichwa ni nusu. Viatu ni vilevile vya zamani, na kimoja kimefungua mdomo. Mahindi ya chakula cha mchana shuleni, kila mzazi apeleke makopo mawili ya gorogoro kwa kila mtoto, hayapo. Huyu mama akiingia ndani dakika tano tu, nimekwisha.

Akiingia.

Akiingia!

Nimeruka kitandani. Nyumba hii ina mlango mmoja. Mama mkwe hawezi kumpita mkwe wake mlangoni, nguo zitagusana! Hawezi hata kunikaribia. Nikikaa pale kizingitini kutoka asubuhi mpaka jua lizame, nimefunga nyumba kuliko kufuli. Wasichana ndani, mimi mlangoni, yeye nje. Giza likikaribia itabidi aende, mwanamke wa heshima hawezi kulala kwa mkwe. Jumatatu wasichana wanaingia shule ya hapa, na akishaingia mtoto darasani nani atamtoa?

Sipigani na mtu. Sisemi neno baya. Naketi tu, kwa heshima ya mila zetu.

Pasta wetu huhubiri kwamba aliyeokoka hana nthoni, damu ya Yesu imemaliza mambo hayo. Lakini mama mkwe ni mbao ya zamani. Ameokoka miaka mingi na bado akisikia jina langu anageuza kiti.

Leo nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumamosi, 23 Agosti

Mazoezi. Nimeketi mlangoni asubuhi yote. Mgongo unauma, nimeongeza mto.

Nimewafundisha wasichana majibu, endapo Susu atapiga kelele dirishani. Mnasoma? Tunasoma. Mnakula? Tunakula. Mmekula nini? Kasyoka akajibu chai. Nikamwambia sema mayai. Akauliza mayai ya wapi. Nikasema ya kusema tu. Akaanza kulia, alidhani yako mahali nimeficha.

Mchana nikamkuta Kavindu akimfundisha Kasyoka kufunga kamba za kiatu. Kiatu kimoja, mikono minne. Alikuwa anamwambia polepole, sungura anazunguka mti, sungura anaingia shimoni. Sauti ya mama yake kabisa. Nikasimama kidogo nje. Kisha nikakohoa ili wajue nimefika.

Kavindu akauliza, wakienda kwa Susu, baba atakuja kuwaona? Nikasema hamwendi popote, baba ana mpango. Uso wake ukabadilika. Nilidhani ni furaha. Akauliza ni mpango kama ule wa viatu?

Huyu mtoto asipochungwa atakuwa wakili.

Ben amekuja na sahani ya isyo, mahindi na maharagwe yanatoa mvuke. Nikamwambia tumeshakula. Kasyoka alikuwa nyuma yangu, amesikia. Ben akaniangalia, akaangalia chini, akasema sawa bro. Akarudi na sahani yake.

Mtu lazima awe na msimamo.

Jumapili, 24 Agosti

Naandika mkono ukiwa bado si wangu.

Alifika saa saba, na kikapu, na kitambaa cheupe cha kanisa kichwani. Nilikuwa kizingitini kabla ya jogoo. Aliponiona akageuka pale pale kwenye lango. Safi! Akapindua jerikani, akalikalia, mgongo kwangu. Nikageuza uso upande wa kwa Ben. Tukakaa hivyo.

Baada ya muda akaanza kuongea na kuku. Akamwambia kuku amwambie mwenye boma kwamba mgeni amefika. Nikamwambia kuku amwambie mgeni karibu sana. Kuku aambiwe mgeni anaomba kuwaona wajukuu. Kuku ajibiwe wajukuu wamelala. Saa nane mchana? Wamechoka na kusoma. Kuku akachoka, akaenda zake kwa Ben.

Jua! Agosti hii jua halina huruma. Kivuli chote kilikuwa upande wangu. Mke wa Ben akamletea maji, akanywa, akashukuru, hakuondoka. Mimi nami nilikuwa na haja ndogo tangu asubuhi, na choo kiko ng'ambo yake. Sikusogea. Nilihesabu mabati. Nilisema moyoni, Kaloki, ni saa mbili tu zimebaki, giza linakuja, umeshinda.

Ndipo Kasyoka akakohoa ndani. Kikohozi chake kile cha kawaida, kikavu, si kitu.

Mama mkwe akasimama. Akageuka. Akaja moja kwa moja, akiniangalia usoni. Usoni! Ana macho ya Wavinya, sikuwa najua. Akanyoosha mkono. Akasema, Kaloki mwanangu, Bwana asifiwe.

Mkono wangu ulipanda wenyewe. Wake ulikuwa wa moto kwa jua, na aliushika wangu kama mtu anayeshika kitu cha marehemu. Amekaa na hiyo heshima maisha yake yote, hata mume wake alipozikwa alisimama nyuma ya kaburi ili tusikaribiane. Na mimi, miguu yangu ilifanya ilivyofundishwa na mama yangu. Iliruka pembeni. Mlango ukabaki wazi.

Nilimsikia ndani. Marvin ikivuliwa. Kisha akaketi kwenye kitanda changu, nilisikia zile spring. Mama mkwe, kwenye kitanda changu! Nikachungulia. Alikuwa ameshika ule mkono mrefu wa rinda, anaupitisha vidoleni, mshono kwa mshono. Akasema kwa Kasyoka, si kwangu, hii nilimshonea mamako siku alipochaguliwa kuongoza kwaya.

Hakugomba. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kugomba. Alitoa mkate kwenye kikapu akawakatia. Walikula wamesimama. Kasyoka alikula akishikilia kipande kingine kwa mkono wa pili, akikiangalia kisikimbie.

Kavindu akatoa mfuko wa nguo zao kutoka chini ya meza. Umefungwa tayari. Sikuuliza tangu lini.

Watalala kwa ndugu ya Susu hapo mjini Wote, asubuhi wapande gari. Langoni Kavindu akarudi mbio. Nilidhani amebadilisha nia. Alikuja kuniambia jerikani la manjano linavuja, nichote na la bluu.

Nilienda choo baadaye. Sikumbuki haja ikiwa na uzito hivyo.

Jumatatu, 25 Agosti

Shule zimefunguliwa. Binti za Ben wamepita na soksi zao. Mmoja akasema shikamoo, akauliza Kavindu ako wapi. Nikamwambia amepandishwa shule. Akauliza shule gani. Nikamwambia kubwa.

Nimepika chai ya watu watatu kwa mazoea. Nimekunywa yote ili isipotee.

Jumanne, 26 Agosti

Simu. Jina la mama mkwe. Nilingoja kile kimya. Hakikuja. Akaongea na mimi moja kwa moja, Kaloki, habari ya huko. Kama mtu wa kawaida! Akasema watoto wamefika. Kasyoka amepelekwa zahanati, amepewa dawa ya kichwa na ya kifua. Kavindu amekaa dawati la mbele na ameshinda shule asubuhi mpaka jioni. Akasema mambo ya kugeuziana mgongo yameisha, yeye ni mzee, hana nguvu ya kuketi juani tena. Nije Jumapili niwaone wasichana. Watapika. Nisilete kitu, nilete miguu tu.

Akampa Kavindu. Kavindu akauliza, baba, unakuja? Kasyoka nyuma akapiga kelele anakuja, anakuja.

Nikasema tutaona.

Nimekaa na hayo maneno mpaka usiku huu. Mambo ya kugeuziana mgongo yameisha. Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake! Sasa, kwa mila zetu, nthoni haiishi hivihivi tu kwa kunyoosha mkono. Aliyeivunja analipa mbuzi, wazee wanakula, ndipo inaisha. Ameivunja mchana, Ben na mke wake wakiona. Kisha akaketi kitandani. Hiyo ni mbuzi ya pili!

Jumatano, 27 Agosti

Nimewaona wazee. Mzee Ndolo akaniuliza kama mimi mwenyewe nilishamaliza mbuzi za ntheo, zile za kumwoa Wavinya. Nikamwambia tusichanganye mambo.

Mpango ni huu. Nadai mbuzi wawili wa kike. Hataweza kuwatoa wakati huu wa ukame. Atakuja kuomba, na mimi nitasema, kwa upole kabisa, basi rudisha watoto tusahau. Hakuna kelele, hakuna polisi. Ni mila tu. Sijui kwa nini sikufikiria hili mapema.

Wazee wana nafasi Jumapili peke yake. Kwa hivyo Kwa Vonza sitaenda, nitatuma salamu kwa simu ya Ben, yangu haina salio. Wasichana hawatajali wiki moja. Kavindu ana akili, ataelewa kwamba baba yuko kazini.