Viroba Kwenye Mtaro wa Lambo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mvua siku tatu mfululizo. Lambo la kijiji limejaa, na maji ya ziada yanatoka kwa fujo kwenye mtaro wa pembeni. Yanatoka na sato wangu! Vifaranga nilivyovileta mwenyewe toka Nkome, kule ziwani, ndoo mapajani, mabasi mawili. Sasa wanateremka mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya Mama Davis, katibu wa kamati yetu ya lambo. Anawaokota kwa beseni. Leo kanikaribisha chakula. Sato wa kukaanga. Nimekula watatu, kwa uchungu.

Mchana nimeziba mtaro. Viroba ishirini na nane vya mchanga. Kazi safi. Mimi ni makamu mwenyekiti, sihitaji kibali.

Jumanne, 4 Machi
Maji yamepanda. Lambo linapendeza kama ziwa. Mama Davis kauliza mbona majarubani maji hayaingii tena. Nimemwambia mambo mengine ni ya Mungu. Kaniangalia sana.

Habari kubwa! Kesho injinia anakuja kukagua usalama wa lambo. Mwenyekiti amelazwa hospitali ya Kolandoto, nyonga. Kwa hiyo mgeni ni wangu. Lambo likipita ukaguzi, uenyekiti nao utakuwa wangu.

Jioni nimezunguka tuta linalozuia maji ya lambo. Juu, mashimo ya panya. Nimeyaziba kwa mavi ya ng'ombe. Chini, upande wa nyuma, pamelowa upana wa mkeka na maji yanachuruzika. Nimetandaza mabua ya mtama. Haitoshi. Nitaweka kiti.

Jumatano, 5 Machi
Injinia ni binti, anaitwa Samia. Nilimwandalia supu ya mbuzi, ya kulainisha mkaguzi yeyote. Kumbe amefunga! Ramadhani imeanza Jumapili, mimi nimesahau kabisa. Supu nimeinywa mwenyewe nyuma ya gari lake, isipotee.

Nimempokea nimekaa kwenye kiti changu, pale pale penye maji. Nikaanza risala. Ukurasa wa pili, miguu ya nyuma ya kiti ikazama. Ukurasa wa tatu nikawa nasoma huku naangalia mawingu. Akauliza kwa adabu kama kiti hicho huwa kinazama. Nikasema udongo wa kwetu una rutuba.

Akachota yale maji kwenye glasi. Safi. Akamwambia Mama Davis ayachote asubuhi na jioni: yakiwa safi, aendelee kuangalia tu, yakija na tope, ajue tuta linaliwa kwa ndani. Hapo watu wa bondeni wahame kwanza, maswali baadaye. Kisha akaviona viroba. Akataka viondolewe leo leo. Nikaapa.

Alipoondoka nimeondoa viwili. Sato bado wadogo.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua kubwa. Mgongo unauma. Viroba kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Davis amekuja asubuhi mbio, glasi mkononi. Maji rangi ya chai ya maziwa. Nikasema labda ng'ombe wamepita. Akapiga mwano, ukelele wetu wa hatari, na bondeni kote watu wakatoka na watoto, mifugo, magodoro kichwani. Nyumba kumi na tisa! Juu ya tuta, maji yalibakiza kiganja kimoja tu yafurike.

Injinia kwenye simu akasema mtu asikanyage tuta, na mtaro ufunguliwe kiroba kimoja kimoja. Mama Davis akauliza mbele ya wote viroba ni vya nani. Nilipanga kunyamaza. Ndipo akapita Mzee Mageni wa bondeni, amebebwa kitandani na wanawe, akaniona nimelowa mvua. "Pole na kazi, makamu," akasema. Kwa moyo mweupe kabisa! Sijui nini kilinipata.

"Ni vyangu," nikasema.

"Basi ingia wewe wa kwanza, Baba Nelly," akasema Mama Davis.

Nikaingia. Maji kiunoni, kamba tumboni, wanaume sita wameishika. Kiroba kimoja. Kingine. Maji yakaanza kupita yananguruma, na sato wangu wakapita katikati ya miguu yangu. Sikumgusa hata mmoja.

Saa kumi jioni lambo lilikuwa limeshuka mita nzima, na maji ya glasi yameanza kutakata. Nyumba zote zimesimama. Lakini majaruba ya Mama Davis yamefukiwa na mchanga, mpunga wote. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilichoka mpaka Scolastika, mke wangu, akaninywesha uji kwa kijiko.

Jumapili, 9 Machi
Mkutano wa kijiji baada ya misa. Nimevuliwa umakamu. Hakuna aliyepinga, hata Scolastika. Injinia ameagiza lambo libaki nusu mpaka kiangazi, kisha tuta lichimbuliwe na kushindiliwa upya. Nimesimama nikakiri yote. Nimelia. Wengine nao wamelia. Nimesema Eustace wa zamani amekwenda na maji.

Wakanionea huruma. Wamenipa kazi ya kukagua tuta kila asubuhi na kuandika nilichokiona kwenye daftari. Nimepokea kwa unyenyekevu.

Jumatano, 12 Machi
Kazi ya ukaguzi inanifaa. Utulivu. Tangu Ijumaa watu wanaliogopa tuta, hakuna anayefika huku isipokuwa mimi.

Na leo nimegundua jambo ambalo hata injinia hakuliona. Udongo wa tuta ni mfinyanzi wa daraja la kwanza! Hauna kokoto, unashikamana kama ugali. Matofali yake yatashinda ya kiwandani. Nimechimba kidogo tu, upande wa nyuma, matofali sitini ya kuanzia. Ukisimama mbali, shimo halionekani.

Kwenye daftari nimeandika: Tuta liko imara. Mkaguzi ameridhika.