Mzambarau wa Mama Watoto

Jumamosi, 4 Agosti
Ukame. Miti ya mtaa mzima imebaki vijiti. Mzambarau alioupanda marehemu mke wangu, kijani kibichi! Majirani wananiuliza siri. Nimewaambia ni utaalamu wangu. Shemeji, kaka yake marehemu, akacheka mpaka akapaliwa. Huyu ananikera tangu siku ya harusi.

Jumapili, 5 Agosti
Shemeji kaona udongo umelowa karibu na mti. Bomba linavuja chini kwa chini. Akatangaza mbele ya majirani kwamba mwanaume mzima nimeshindwa kuziba tundu. Mimi! Binti yangu akanikumbusha kuwa mama yake alikataza lisiguswe. Nikamjibu kuwa mama yake, Mungu amrehemu, hakuwa fundi.

Jumatatu, 6 Agosti
Nimechimba. Mizizi imelikumbatia bomba kama mtoto na mamaye. Nikaikata iliyonizuia, nikafunga tundu kwa mpira wa baiskeli. Hakuna hata tone! Shemeji kanywea. Raha iliyoje.

Jumamosi, 18 Agosti
Majani yanapukutika. Nimepulizia dawa ya wadudu. Wadudu wenyewe sijawaona.

Jumapili, 2 Septemba
Umekauka. Binti analia tangu asubuhi. Anasema mama yake alijua mti unakunywa pale pale. Kumbe! Kila nikishika spana, mke wangu alikuwa ananiletea chai na kunikalisha, mpaka nasahau nilichotaka kufanya. Nilidhani ni mapenzi tu. Nimelia, jua la utosi, kivuli hakuna. Nikaufungua ule mpira. Maji yamejaa shimoni na hakuna wa kuyanywa.

Jumatano, 19 Septemba
Jamani! Uani, chini ya koki ya kufulia, ile isiyofunga sawasawa, umeota mche wa mzambarau. Majani manne. Nimepiga magoti, nikauita kwa jina la mke wangu. Shemeji alikuja, naye akafuta machozi. Akaniomba radhi kwa maneno yake ya siku ile, akanisihi nisiguse chochote. Binti naye hivyo hivyo. Kila mtu mwalimu wangu! Wao hawaoni tone linavyoupiga utosini mchana kutwa, maskini. Mama watoto angeumia. Nimeshapata raba mpya ya koki. Kesho asubuhi haitadondosha tone tena.