Kiwanda Kilichopitisha Rangi Siku Isiyo Zamu Yake

Chekereni, Moshi
Jumatano

Kwa Meneja, Kiwanda cha Rangi za Vitambaa

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Wenseslaus, mwenyekiti wa mfereji wetu wa mpunga, mwaka wa kumi na moja sasa. Jumapili tangi lenu la rangi lilipasuka, mto ukawa bluu. Maofisa wamekuja na chupa zao kupima sumu. Mimi sina elimu ya sumu. Mimi nalalamikia zamu.

1. Jumapili mfereji hupumzika, hata Walutheri wanajua. Ninyi mmeutumia tangu saa moja na robo asubuhi bila kuniona.

2. Anayetumia mfereji huja msaragambo, kazi yetu ya pamoja, na jembe lake kuzoa matope. Nimepekua daftari lote, jina lenu halimo.

3. Rangi imeingia kwenye kitalu cha Mama Dominika, mjane, na miche yote imelala. Hana mbegu nyingine, na hilo linaniuma kweli. Bata wake wamekuwa bluu, wa jirani yake Shedrack nao bluu, na sasa kila mmoja anadai wote ni wake. Kesi hiyo nimeiamua mara tatu.

4. Kwa hiyo tumewaandikisha uanachama, zamu yenu Alhamisi. Adhabu ya kuvunja zamu ni debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, lipikwe kwa maji ya mfereji uleule, na mvunjaji aonje wa kwanza mbele ya watu. Ndiyo desturi, sikuitunga mimi. Uje mwenyewe Jumamosi, usitume dereva.

Mwizi wa zamu ni adui wa kijiji kizima, awe na kiwanda au awe na jembe bovu. Sitamwonea mtu haya.

Wasalimie wafanyakazi wote, mama watoto, na mlinzi wako aliyenifukuza getini jana.

Wako katika maji,
Wenseslaus

N.B. Saa nimeijua kwa sababu nilikuwa ndani ya mfereji. Wenzangu walikuwa misa ya kwanza, nami nikafungua kidogo tu banio linaloingiza maji ya mto, kwa ajili ya jaruba langu la mpunga. Miguu yangu ni bluu mpaka magotini. Nimesugua kwa sabuni, majivu na mafuta ya taa, wapi! Kama mnayo dawa ya kutoa rangi hii, naomba niipate kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo tunaingia msaragambo peku, suruali tumekunja. Mbege tutasahau. Banio lingekuwa limefungwa, rangi ingepita na mto wake. Leo nimempelekea Mama Dominika mbegu zangu zote, naye amenishukuru mbele ya watu mpaka nikakosa pa kuangalia.