Mimi Siye Bwana Taka

Kinampanda, Kiomboi
Agosti, 1954

Kwa Bwana Mkubwa Mwenye Gari la Sinema

Bwana Mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, na baada ya salamu naomba uketi, maana neno hili si la kusomwa umesimama. Mimi ni Kefa Isaka, mkulima wa mtama na mfuga nyuki. Juma lililopita watu wako walitundika shuka jeupe hapa kwetu katika kiwanja cha mnada, tukaona sinema nne. Msemaji wa kipaza sauti alisema serikali inapenda kujua maoni ya watazamaji. Nami nilitazama. Nimeyapanga kwa namba yasije yakakuchanganya.

1. Sinema ya wachunga ng'ombe wa Amerika. Farasi walikuwa wazuri. Lakini watu wale hawajui kuchunga. Wanawakimbiza ng'ombe juani mpaka wanakonda, hakuna anayekamua, na risasi zikianza kundi zima linaachwa porini. Wazee waliokaa nyuma yangu walisikitika, wakauliza mwenye ng'ombe ni nani na kama amepelekewa habari. Hata hivyo naisifu kwa jambo moja: mtu mbaya alipigwa risasi akafa, mambo yake yakaisha.

2. Sinema ya mapenzi. Kijana na msichana walikutana ndani ya gari moshi, na kabla ya stesheni wakawa wamekwisha kupatana. Hapakuwa na mshenga, wala mjomba, wala ng'ombe. Msichana alilia sana, sikushangaa. Mke wangu Raheli naye akalia. Nikamwuliza, "Unalia nini, nawe kwao hupajui?" Akasema, "Nyamaza, kijana amesema samahani." Tangu siku hiyo nyumbani nangojewa niseme samahani, na kosa sijaambiwa.

3. Sinema ya kuchekesha. Mtu mnene alibeba ngazi akaanguka ndani ya pipa la chokaa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sina lalamiko.

4. Sinema ya afya, iitwayo Bwana Safi na Bwana Taka. Hapa ndipo penye jipu, kwa kuwa Bwana Taka ni mimi.

Mwaka jana wapiga picha wako walikuja kutafuta watu wawili wa kuigiza. Mimi nina choo cha shimo chenye mlango, nina sabuni, na nguo zangu hufuliwa kila Jumamosi. Jirani yangu Gaspari hana choo, ana kichaka. Nikajua nafasi ya Bwana Safi ni yangu. Mpiga picha akanitazama, akasema, "Huyu ana uso wa huzuni, awe Taka. Yule mwenye meno mazuri awe Safi."

Wakanipaka majivu na tope. Inzi hawakuja, maana hawanijui, ikabidi nipakwe usoni asali yangu mwenyewe, na hata hapo inzi walitoka kwa Gaspari. Kisha ikatakiwa nyumba safi. Wakachukua yangu wakampa Gaspari. Akanawa kwa sabuni yangu, akatoka katika choo changu akitabasamu. Na kwa kuwa nyumba safi haikosi mama, Raheli akawekwa awe mke wake, na binti yangu Dina awe binti yake. Mimi nikawekwa mbele ya nyumba ya Gaspari, nijikune.

Nilivumilia, kwa kuwa niliambiwa ni faida ya nchi. Lakini sinema hiyo ilizunguka kwanza Ikungi, Singida na Kinyangiri. Sokoni Ikungi mama mmoja alionja asali yangu, akaisifu, akainua macho akaniona, akaitema.

Mwezi uliopita mzee Melkiori wa Kinyangiri alikuja na nduguye kumposea mwanawe binti yangu Dina. Vijana wenyewe walikuwa wanapendana. Nilikuwa mlangoni kwangu na shati jeupe. Mzee akanipita bila salamu, akaniambia nimwitie baba mwenye nyumba. Kabla sijajibu, Gaspari akatokea na yale meno. Mzee akampa mkono, akamkabidhi mbuzi wa posa. Na Gaspari, Bwana Mkubwa, hakukataa. Alisema, "Karibuni, binti yangu mnamfahamu." Alikuwa amekwisha kuanza kutaja ng'ombe anaowataka Raheli alipotoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo, baba," Raheli akamwambia mzee. "Mume wangu ni huyo uliyempita."

"Marahaba, mama. Lakini niliona kwa macho yangu, pale kwenye shuka."

"Shuka ni shuka, baba. Huyu ndiye ninayemfulia nguo."

Dina akaja akasimama karibu nami, akanishika mkono mbele ya wageni, mkono uleule niliojikunia. Mzee akaomba maji yaletwe. Nikanawa mbele yao kama mtu aliye barazani anahukumiwa. Mzee akamwinamia nduguye, akasema kwa furaha, "Unaona? Sinema inafundisha. Hata huyu amebadilika."

Posa ikapokewa, na arusi itakuwa kabla ya mvua. Ila mzee ameomba Gaspari asimamie mapishi, kwa ajili ya usafi.

Basi juma lililopita nami nikaiona. Mwishoni Bwana Safi anakula na mke wangu, na Bwana Taka yuko kitandani na homa. Hakufa, hakupona, hakunawa. Taa zikawashwa, watu wote wakageuka kunitazama. Mtu mbaya wa Amerika alipewa mwisho. Mimi nimeachwa na inzi.

Kwa hiyo naomba itengenezwe sinema ya pili ambamo Bwana Taka anaoga, na povu lionekane mpaka kwa waliokaa nyuma. Hilo likishindikana, msemaji atangaze kila mnada kwamba Kefa ni safi na choo ni chake. Na hilo nalo likishindikana, Gaspari apelekwe Amerika, aingizwe katika ile sinema ya kwanza, upande wa yule anayekufa.

Neno la mwisho: nisiitwe tena kuigiza. Sitaki kuonekana kwenye shuka la serikali maisha yangu yote.

Nisalimie dereva, fundi wa mashine, msemaji wa kipaza sauti, na mama wa nyumbani kwako pamoja na watoto. Raheli na Dina wanawasalimu.

Ni mimi ninayenawa,
Kefa Isaka

Nyongeza: Nasikia mnakuja kupiga picha ya ubaya wa ulevi, na kwamba Gaspari ameomba kuwa mlevi. Tafadhali msimpe. Hana kipaji, kabla ya kuanguka hutazama kwanza mahali penye majani. Mimi nimeanza kujifunza kupepesuka, na Raheli asema jana aliogopa kweli. Mje mapema, nitakuwa kando ya barabara, na asali nitaleta mwenyewe.